Wiki 10 za kompyuta kwa wanaotafuta kazi chuo kikuu: tathmini ya kituo kimoja cha Mjini Unguja

Kwa miaka mitatu nimesoma matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vyetu, na karibu yote huishia kwenye sharti moja: mwombaji awe na ujuzi wa kompyuta. Sharti hilo huwekwa chini kabisa, baada ya cheti, uzoefu na umri, na mara nyingi halielezwi zaidi ya hapo, kwa hivyo kila mtu hulitafsiri kwa kadiri ya alichonacho. Aliyezoea kutuma barua pepe kwa simu hujiona analo, na aliyewahi kuandika barua kwa Word hujiona amelizidi. Mimi nilikuwa katika kundi hilo la pili, mpaka nilipoitwa kwenye usaili wa nafasi ya msaidizi wa ofisi ya udahili katika chuo kimoja cha hapa Unguja.

Mtihani wa vitendo ulikuwa wa dakika 40. Tulipewa faili lenye majina ya waombaji 60 yaliyochanganyika, tukaambiwa tuwaondoe waliojirudia, tuwapange waliobaki kwa wilaya zetu 11, tutoe idadi ya wanawake na wanaume kwa kila wilaya, kisha tuandae barua ya wito itakayotoka kwa jina la kila mwombaji. Nilianza kukata na kubandika mstari mmoja mmoja, huku nikihesabu kwa kidole juu ya skrini. Msimamizi alipotwambia tuache, nilikuwa bado nawatafuta watu wa Wilaya ya Kati, na barua sikuigusa. Nilirudi nyumbani na huzuni kubwa, kwa sababu kazi yenyewe naijua: stashahada yangu ni ya utunzaji wa kumbukumbu, na nimejitolea masjala kwa miezi minane. Kilichonishinda ni chombo cha kuifanyia.

Ndipo nilipojiandikisha katika kituo cha mafunzo ya kompyuta kilichopo ghorofani, mwendo mfupi kutoka Michenzani, kwa kozi ya wiki 10 ambayo wanaitangaza kuwa ni ya wanaotafuta kazi za ofisi katika vyuo. Ada ni shilingi 180,000, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Kituo sikitaji kwa jina, kwa kuwa yapo mapungufu nitakayoyasema na wenyewe nimeshawaeleza ana kwa ana. Anayetaka kupima kituo chochote cha aina hii anaweza kutumia haya niliyoyaona. Nimeshamaliza kozi, na kwa jumla nimeridhika nayo.

Sababu kubwa ya kuridhika kwangu ni namna masomo yalivyopangwa. Vituo vingi hapa Mjini huuza mafunzo kwa majina ya programu: wiki mbili za Word, wiki mbili za Excel, wiki moja ya PowerPoint, na mwisho cheti chenye orodha ndefu. Hapa kila wiki ilibeba jina la kazi. Wiki moja ilikuwa ya orodha ya wanafunzi, nyengine ya matokeo ya mitihani, nyengine ya kumbukumbu za kikao cha bodi ya kitivo, nyengine ya barua za udahili, na programu ilifunguliwa pale kazi ilipoihitaji. Siku ya kwanza mwalimu alitubandikia ukutani matangazo ya kazi, yakiwemo ya Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania Bara, ambayo kwa nafasi ya katibu muhtasi yalitaja bayana hatimkato (mwandiko wa mkato) ya maneno 100 kwa dakika pamoja na cheti cha programu za ofisi, intaneti na barua pepe. Akatutaka tuandike mbele ya kila sharti jambo ambalo mtu wa nafasi hiyo atalifanya Jumatatu asubuhi akifika kazini. Zoezi hilo lilituchukua saa nzima, na kwangu lilifafanua mengi zaidi kuliko tangazo lolote nililowahi kusoma.

Kuandika kwa vidole kumi kulipewa wiki ya kwanza yote, na robo saa ya mwanzo wa kila kipindi baada ya hapo. Kibodi zetu zimepangwa kwa ajili ya Kiingereza, na mwalimu alitumia muda kutuonesha maana yake kwa mwandishi wa Kiswahili. Herufi ya A, ambayo katika Kiswahili inatokea kuliko herufi nyengine yoyote, imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, yaani kidole dhaifu kuliko vyote kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Kwa hivyo mazoezi yake hayakuwa yale ya kunakili sentensi za Kiingereza. Alitafuta maneno ya Kiswahili yanayoandikika kwa mstari wa katikati peke yake, bila ya kidole kuondoka kwenye mstari huo: kaka, dada, sala, kasha, ghala, dagaa, sadaka, fadhaa. Tuliyaandika macho yakiwa ukutani, vidole vya shahada vimetulia juu ya vinundu viwili vidogo vilivyopo kwenye F na J, na kidole changu hicho cha kushoto kiliniuma siku nne mfululizo. Sijapata kuona kituo chengine kinachowafundisha watu wetu kibodi kwa kuanzia lugha yao, na kwa jambo hilo peke yake mwalimu yule anastahiki shukurani.

Wiki ya orodha na wiki ya matokeo ndizo zilizokuwa na utajiri mkubwa kuliko zote. Mwalimu alianza na makosa, na alianza na yale ambayo hata mtu mzoefu huyafanya. Tuliandika nambari za simu za waombaji katika Excel, na zote zikapoteza sifuri ya mbele, kwa sababu programu inaziona kuwa ni hesabu, na sifuri ya mbele haina thamani katika hesabu.

"Mwalimu, mbona sifuri zimeliwa?" aliuliza mama mmoja aliyekaa nyuma yangu.

"Hazijaliwa, mama. Hukuiambia kwamba hii ni nambari ya kuitia mtu na si ya kujumlisha. Iambie kabla hujaandika."

Tukafundishwa kuchagua safu nzima na kuifanya kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, na ndivyo inavyotakiwa pia kwa nambari za usajili zinazoanza na sifuri. Tarehe nazo zina hatari yake. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani huisoma 03/04 kuwa ni tarehe 4 ya Machi, na kwetu hiyo ni tarehe 3 ya Aprili. Kosa hilo halionekani mpaka mwanafunzi aambiwe kuwa amewasilisha maombi baada ya muda.

Katika kuondoa waliojirudia nilijifunza jambo ambalo lingeniokoa siku ya usaili, na pengine lingemwokoa mwombaji asiye na hatia. Majina yetu ya Zanzibar yanajirudia sana. Katika orodha moja ya mazoezi walikuwemo akina Fatma watatu waliofanana jina la kwanza, la pili na la tatu, na kila mmoja alikuwa mtu mbali. Katika orodha hiyo hiyo mtu mmoja aliandikwa Khamis mahali pamoja na Hamisi mahali pengine. Amri ya kuondoa waliojirudia, ukiielekeza kwenye jina, itamfuta Fatma wa pili na wa tatu na kumwacha Khamis mara mbili. Mwalimu alituwekea kanuni kwamba jina halitumiki kumtambulisha mtu, hutumika nambari ya fomu au ya mtihani wa kidato cha nne, na kwamba kabla ya kufuta chochote unatengeneza nakala ya faili la asili na kuiweka kando bila ya kuigusa.

Ila somo lililonifanya nipige simu nyumbani kumsimulia kaka yangu ni lile la wastani wa alama. Vyuo vyetu vinatumia kipimo cha pointi 5, na kila somo lina uzito wake wa krediti. Tulipewa mwanafunzi mwenye masomo matatu: moja la krediti 12 alilopata pointi 2, moja la krediti 10 alilopata pointi 4, na moja la krediti 8 alilopata pointi 5. Wengi wetu tulijumlisha pointi tukagawa kwa tatu, tukapata 3.67. Jibu hilo si sahihi, kwa kuwa somo zito ndilo alilofanya vibaya. Kila pointi izidishwe kwa krediti zake, ijumlishwe, kisha igawanywe kwa jumla ya krediti: 104 kwa 30, yaani 3.4667. Hapo tukadhani tumemaliza. Mwalimu akatwambia tuoneshe desimali moja, nasi tukabonyeza kitufe cha kupunguza desimali, na skrini ikaandika 3.5.

Alituacha tuitazame kwa muda. Kisha akatuuliza daraja la pili la juu linaanzia wapi, na mmoja wetu aliyehitimu shahada akajibu kuwa ni 3.5. Kumbe kitufe kile hukaribisha desimali, na hapa kimekwenda juu; pale ambapo kanuni za chuo zinataka desimali zikatwe bila ya kukaribishwa, mwanafunzi huyo ana 3.4 na yuko daraja la pili la chini. Karani mmoja, kwa kubonyeza kitufe kimoja, amempandisha mtu daraja kwenye karatasi. Njia salama ni kuiandika kanuni yenyewe ndani ya kisanduku, pointi zikiwa safu ya B na krediti safu ya C, hivi: =TRUNC(SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(C2:C4),1). Nimeiandika hapa kamili kwa makusudi, ili anayejiandaa na usaili wa ofisi ya mitihani aijaribu mwenyewe kwa takwimu zile zile na aone tofauti kwa macho yake.

Barua za udahili zilifundishwa kwa kuunganisha barua moja ya Word na orodha ya Excel, ili jina, anuani na programu ya masomo vijijaze vyenyewe. Ndilo swali lililoniangusha kwenye usaili, na nilipoona kuwa kazi ile huchukua dakika kumi kwa mtu anayeijua nilibaki kimya. Kwa upande wa Word, mafunzo yalikuwa mazuri katika kumbukumbu za vikao, katika kutengeneza ukurasa wa yaliyomo unaoweza kusasishwa bila ya kuandikwa upya, na katika kuonesha marekebisho ili msimamizi wa tasnifu aone kilichobadilishwa na nani. Tulioneshwa pia namna ya kuiambia programu kwamba maandishi ni ya Kiswahili. Bila ya hivyo mstari mwekundu hupita chini ya karibu kila neno, na macho yakishazoea wekundu huo, kosa la kweli nalo hupita bila ya kuonekana. Na lipo jambo dogo la karatasi ambalo limewasumbua watu wengi maofisini: Word iliyopangwa kwa Marekani huandaa ukurasa wa milimita 216 kwa 279, lakini karatasi yetu ya A4 ni ya milimita 210 kwa 297, kwa hivyo printa husimama na kudai karatasi ambayo haipo dukani, na mtu akadhani printa imeharibika.

Barua pepe zilichukua kipindi kimoja, na kilitosha. Nilichokithamini ni msisitizo wake juu ya nakala iliyofichwa, yaani kwamba ukiwaandikia waombaji 200 kwa pamoja, hakuna hata mmoja anayepaswa kuona anuani za wengine. Alituunganishia jambo hilo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo kabla ya hapo sikuwahi kuisikia ikitajwa darasani. PowerPoint sina la kusema; ilifundishwa kama inavyofundishwa kila mahali.

Kuhusu umeme, kituo kina betri za kuzuia kuzimika kwa ghafla kwenye mashine sita tu. Katika wiki 10 umeme ulikatika mara kadhaa tukiwa darasani, na mwalimu kila mara alitumia nafasi hiyo kutuuliza nani amehifadhi kazi yake. Word ikiachwa ilivyo hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 10 kwa ajili ya dharura, lakini dakika 10 za kuingiza alama za mitihani ni nyingi. Wenyeji wa Unguja hatuhitaji kuelezwa sana juu ya hilo. Nilikuwa skuli ya msingi wakati kisiwa kizima kilipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na nakumbuka mama akipeleka simu kutiwa chaji kwa mwenye jenereta. Hata hivyo kituo kinachopokea ada kilipaswa kuwa na betri kwa mashine zote.

Hilo ndilo pungufu la kwanza, na yapo makubwa zaidi. Tulikuwa wanafunzi 20 kwa kompyuta 12, kwa hivyo kumi na sita kati yetu kila siku walikaa wawili wawili. Aliyeshika kipanya ndiye aliyejifunza, na mwenzake alitazama. Mara nyingi waliotazama walikuwa watu wazima na wanawake waliofika kwa kuchelewa kutokana na majukumu ya nyumbani, na sikufurahishwa kuona kwamba mwalimu, pamoja na wema wake wote, hakuwa na utaratibu wa kubadilishana zamu. Programu zilizopo ni za toleo la zamani la mwaka 2010, na baadhi ya vitufe haviko mahali vilipo katika matoleo ya sasa. Mtu anayekutana na toleo jipya kwenye usaili hupoteza dakika za thamani akitafuta.

Pungufu lililoniuma zaidi ni kwamba hatukufanyishwa hata mara moja mtihani wa vitendo wa kuhesabiwa muda. Sote tuliokuwemo mle tulikuwa tunauendea mtihani wa aina hiyo. Nilimweleza mkuu wa kituo, naye akakubali kwamba wiki ya mwisho, ambayo kwetu ilitumika kwa marudio na kupiga picha za mahafali, inaweza kufanywa kuwa wiki ya usaili wa majaribio.

Pia kozi inawafaa watu wa ofisi zaidi kuliko wengine. Anayeomba kazi ya maktaba atahitaji kuijua Koha, mfumo huria wa maktaba uliozaliwa New Zealand na ambao unatumika katika maktaba nyingi za vyuo, na hapa haukutajwa. Anayeomba uhadhiri msaidizi atakuta chuo kinataka aweke masomo yake kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, achambue takwimu kwa SPSS, na apange marejeo kwa programu kama Zotero. Huyo asiende, kwa sababu atachoka na vipindi vya orodha na barua huku anachokihitaji hakipo. Na wa Pemba hawana pa kwenda katika mpango huu. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alivuka kutoka Wete, akakaa kwa ami yake Jang'ombe wiki zote 10, na gharama yake halisi ilizidi ada mara mbili. Ikiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi Pemba, na chenyewe kinaajiri huko, ingefaa mafunzo ya aina hii nayo yavuke maji, hata kwa mwalimu kwenda Chake Chake kwa mwezi mmoja.

Nasema haya kwa uzito kwa kuwa nafasi zipo kuliko zamani. Mwaka niliozaliwa, 1998, ndio ambao Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa Tunguu. Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ilipitishwa mwaka uliofuata, na leo makao yake makuu yapo Tunguu vile vile. Chukwani kuna Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, na tangu 2023 Unguja pia ina kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India. Kila kimoja kina masjala, ofisi ya mitihani, ofisi ya udahili na maktaba, na watu wa kuzijaza ofisi hizo wanaweza kutoka Makunduchi na Micheweni, almuradi wafundishwe chombo chenyewe na si majina yake.

Wiki mbili baada ya kumaliza niliitwa kwenye usaili katika chuo chengine. Mtihani ulikuwa wa dakika 45 na ulikuwa na orodha, hesabu na barua. Kabla ya kuandika chochote nilihifadhi nakala ya faili, nikafanya safu ya simu kuwa ya maandishi, nikaangalia utaratibu wa tarehe, na dakika ya 38 nilikuwa nasoma barua zangu kwa mara ya pili. Majibu bado sijapata.

Kwa anayetaka kujiunga, darasa jipya huanza kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na ada inaweza kulipwa kwa awamu mbili ukiomba mapema. Kabla ya kulipa, ulizia wameandikishwa wangapi. Wakizidi 12, omba usubiri darasa linalofuata, na hawatakukatalia. Nenda na flashi yako mwenyewe, fika robo saa kabla, na kaa kwenye safu ya dirishani, kwa kuwa mashine sita zenye betri ndizo hizo, na kibodi zake bado zina vinundu kwenye F na J.